Kupasua na kugawa: mwenye kudai fungu lake hapasui nyumba



Wiki hii tumelichagua neno ambalo kila nyumba hulitumia, na aghalabu hulitumia bila kulipima. Neno lenyewe ni kupasua. Twalisikia jikoni, hospitalini na msituni. Twalisikia pia katika vikao vya mirathi, na huko ndiko linakotutia wasiwasi. Binti akisema, "Naomba fungu langu katika alichokiacha baba," hujibiwa na kaka zake, "Wewe wataka kutupasua." Mazungumzo hufia hapo. Binti hurudi kwake amebeba lawama mahali pa haki, na pengine miaka hupita kabla hajathubutu kuuliza tena. Rai yetu ni kwamba hapo neno limetumika pasipo pahala pake, na kwamba kulirejesha pahala pake ni hatua ya kwanza ya kuirejesha haki.

Tuwaendee kwanza walio wajuzi wa neno hili kwa vitendo. Nyololo, wilayani Mufindi, mkoani Iringa, iko kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, baina ya Mafinga na Makambako. Ni njia panda: msafiri wa Mbeya hushika barabara kuu, na yule wa Igowole, Kibao na Mgololo huchepuka. Mgololo ndiko kiliko kiwanda cha karatasi, na wilaya nzima ni nchi ya miti. Shamba la Miti la Sao Hill, ambalo ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, limo wilayani humo. Na wananchi nao wamepanda misonobari na mikaratusi yao vilimani. Katika nchi kama hiyo, neno kupasua ni neno la kazi na la riziki.

Mpasua mbao hachanganyi maneno yake. Mti huangushwa. Gogo hukatwa, yaani msumeno hupita kwa upana wake, na kinachopatikana ni magogo mafupi kuliko lile la kwanza. Baada ya hapo gogo hupasuliwa, yaani msumeno hupita kwa urefu, ukifuata nyuzi za mti kutoka ncha moja hadi nyingine; wengine husema kuchana mbao, na maana ni ile ile. Katika kupasua kwa mkono, mtu mmoja husimama juu ya gogo na mwenziwe chini yake, kila mmoja akiuvuta msumeno kwa zamu, huku wakiufuata mstari uliopigwa kwa uzi kabla ya kazi kuanza. Siku hizi kazi kubwa hufanywa na mashine, zikiwamo zile ndogo za kuhamahama ambazo wenyeji huziita ding-dong. Ama kuni, hizo huchanjwa kwa shoka.

Ukiyatazama maneno hayo utaona kuwa kila moja limebeba namna ya tendo pamoja na matokeo yake. Kilichopasuliwa kimetenguliwa kwa nguvu, kimefuata urefu wake, na hakirudi kuwa kilivyokuwa. Mbao mbili zaweza kuungwa kwa gundi na misumari zikawa meza nzuri, lakini hazitakuwa mti tena. Ndiyo maana fundi hupiga mstari kabla hajaugusa msumeno.

Kiswahili hakikuishia hapo. Nazi huvunjwa, na korosho hubanguliwa. Ukindu huchanwa ili upate kusukwa mkeka. Mkate humegwa, na amegaye huchukua sehemu akaacha iliyobaki kwa ajili ya wengine. Mbuzi hutengwa na mwenziwe, na kila mmoja hubaki mzima katika zizi lake. Yote hayo ni kutoka katika kimoja kwenda katika viwili au zaidi; lakini asemaye kuwa amepasua mbuzi wake wawili, ilhali amewatenga tu, atawashangaza jirani zake.

Wala tusilihukumu neno kupasua kuwa ni la shari daima. Daktari mpasuaji hupasua ili aponye, na mgonjwa hutoka chumba cha upasuaji akimshukuru Mola wake. Katika Suratul An'am, aya ya 95, Mwenyezi Mungu ametajwa kuwa ndiye mwenye kuzipasua mbegu na kokwa, akautoa uhai katika kilichokuwa kama kimekufa. Mkulima wa maharage anaijua vyema habari hiyo: mbegu isiyopasuka udongoni haioti. Kwa hiyo ubaya haumo katika neno. Ubaya huja pale linapobandikwa juu ya tendo lisilo lake.

Sasa tulitazame neno kugawa. Mwaka 2012 Mkoa wa Iringa uligawanywa, ukazaliwa Mkoa wa Njombe. Mwaka 2016 Mkoa wa Mbeya nao ukagawanywa, ukazaliwa Mkoa wa Songwe. Wako waliosema mikoa hiyo imemegwa, na hawakukosea. Lakini kusema kwamba imepasuliwa kungesikika kama habari ya vita. Mkazi wa Makambako aliyekuwa mtu wa Iringa akawa mtu wa Njombe, na undugu wake na watu wa Nyololo haukupungua kwa mpaka huo mpya. Kugawa kuna kipimo, kuna mpaka unaojulikana, na kila upande unajua kilicho chake.

Kipimo hicho ndicho kilichotupatia majina ya mafungu. Nusu, robo, theluthi, sudusi, thumni: yote tumeyapokea kutoka Kiarabu, na yote yamo katika elimu ya mirathi. Mafungu yaliyotajwa katika Suratun Nisaa ni sita: nusu, robo na thumni; theluthi mbili, theluthi na sudusi. Nusu, ambayo ndiyo kugawa mara mbili kwa usawa kamili, ina wenyewe. Mume hupata nusu mkewe anapofariki bila kuacha mtoto. Binti wa pekee, asiye na ndugu wa kiume, hupata nusu ya alichokiacha mzazi wake. Na kabla ya aya za mafungu hayo, aya ya 7 ya sura hiyo hiyo imekwisha kuweka msingi: wanaume wana fungu katika walichokiacha wazazi na jamaa, na wanawake wana fungu, kiwe kidogo au kiwe kingi. Fungu hilo halikusubiri ukarimu wa kaka mkubwa.

Hapa sarufi yetu ina la kutufundisha, na twamwomba msomaji atuvumilie kidogo. Kitenzi cha Kiswahili huonyesha kwa mwisho wake ni nani aliyetenda. Tukisema "pasua," kuna mtendaji na kuna mtendwa: mmoja ana msumeno, mwingine ni gogo. Tukisema "pasuka," mtendaji ametoweka. Jambo limetokea lenyewe, kama tairi njiani. Tukisema "gawana," kiishio -na kimewaingiza wote katika tendo: huyu anampa yule, na yule anampa huyu, wakiwa wameketi pamoja.

Turudi kwenye kikao cha mirathi na maneno hayo matatu mkononi. Kaka anayemwambia dada yake, "Unatupasua," amemvika dada msumeno, naye amejifanya gogo. Wazee wanaosema baadaye, "Familia ile imepasuka," wamemficha aliyeipasua. Ni yule aliyeomba fungu lake, au ni yule aliyelizuia? Neno pasuka halisemi. Lakini dada mwenyewe tangu mwanzo alisema kitu kingine. Alisema, "Tugawane." Ameomba tendo ambalo haliwezi kufanyika bila ya wote kuwapo.

Tuchukue mfano, maana mirathi bila hesabu ni maneno matupu. Tuseme mzee wa Mufindi amefariki, ameacha wake wawili, wana wa kiume watatu na mabinti wawili. Wazazi wake walimtangulia. Ameacha shamba la ekari 16 la misonobari yenye umri wa miaka 7. Gharama za maziko zimelipwa, madeni yamelipwa, na wasia haukuwapo. Nao wasia ungalikuwapo usingalivuka theluthi. Kwa kuwa kuna watoto, wake wana thumni, yaani ekari 2, nao hushirikiana sawa: kila mmoja ekari 1. Zinabaki ekari 14 za watoto, na mtoto wa kiume hupata mafungu mawili ya binti. Wana watatu ni mafungu 6, mabinti wawili ni mafungu 2, jumla mafungu 8. Kila fungu ni ekari 1 na robo tatu. Basi kila binti anapata ekari 1 na robo tatu, na kila mtoto wa kiume anapata ekari 3 na nusu. Ukijumlisha yote utapata ekari 16 kamili. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya hesabu hii kwa kijiti mchangani.

Ugumu haumo katika hesabu. Umo katika miti. Msonobari wa miaka 7 haujakomaa kwa mbao nzuri. Ukikatwa leo hutoa mbao nyembamba na dhaifu, na mnunuzi aijuaye shida ya warithi hutoa bei ya shida. Hapo ndipo hoja ya kupasua huletwa: "Tukigawa, tutaharibu shamba." Na hapo ndipo inapotubidi kusimama na kutofautisha. Kukata miti michanga ili watu wagawane fedha kwa pupa ni hasara kweli, na hilo tungeliita kupasua bila kusita. Lakini kugawa hakulazimishi msumeno. Warithi wanaweza kupima ardhi, kila mmoja akaoneshwa mipaka yake, na miti ikabaki imesimama. Wanaweza vilevile kuliacha shamba lizima likiwa na hisa zinazojulikana na zilizoandikwa, wakagawana gharama za kulitunza na kulilinda dhidi ya moto, kisha wakauza pamoja siku itakapokomaa. Na mwenye haja ya haraka, kama mjane mwenye watoto wa kusomesha, anaweza kuwaachia wenziwe fungu lake kwa malipo waliyoridhiana. Wanazuoni wameliita jambo hilo takharuji. Njia zote tatu ni kugawa, na katika zote tatu hakuna mti ulioangushwa kabla ya wakati wake.

Kuna na upande wa pili, nao hutajwa mara chache. Shamba lisilogawiwa hubaki mikononi mwa mtu. Kwa jina la umoja, ndugu mmoja hulisimamia, hupunguza miti, huuza kuni na nguzo, na mwisho huvuna. Akiulizwa hujibu kwamba mali ni ya ukoo. Mjane hufa akingoja, mabinti huolewa mbali, na wajukuu hukua wakisikia kwamba babu alikuwa na shamba. Ukoo huo waonekana mzima kwa nje, kama gogo ambalo ndani limeliwa na mchwa. Anayesema "msitupasue" ili aendelee kushika peke yake kilicho cha wengi, huyo ndiye aliyekwisha kupasua. Ila alipasua kwa kimya.

Sheria ya nchi nayo imeliangalia jambo hili. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama, na kwa Waislamu wengi njia ya karibu ni Mahakama ya Mwanzo. Kanuni zinamtaka msimamizi awasilishe mahakamani, ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu, isipokuwa kama mahakama imemwongezea muda. Na baadaye atoe hesabu ya alivyoisimamia. Usimamizi ni amana, haumfanyi mtu kuwa mmiliki. Mrithi anayeuliza orodha iko wapi hakuvunja adabu ya ukoo. Ameuliza ambacho mahakama yenyewe itauliza.

Maneno haya hutukuta pia katika ndoa. Suratun Nisaa, aya ya 35, yazungumzia hofu ya shiqaq baina ya mume na mke, na asili ya neno hilo la Kiarabu ni kupasuka, kila mmoja akawa upande wake. Tuangalie mahali ilipowekwa tiba. Waamuzi wawili, mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke, hutumwa pale inapohofiwa kwamba mpasuko utakuja. Hawangojwi mpaka vyombo viwe nje. Wahenga wetu waliufahamu wakati huo wakauita ufa: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo imefuata mwendo unaofanana na huo, kwa kutaka mgogoro upelekwe kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya shauri la talaka kufunguliwa mahakamani, isipokuwa kwa sababu maalumu.

Na ikiwa usuluhishi umeshindikana, bado lugha yetu haitulazimishi kupasua. Talaka, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kuachilia, kukifungulia kilichofungwa. Kiswahili kimesema kuachana, kwa kiishio kile kile cha watu wawili. Kutengana si talaka, na wanaotengana wasiitane wameachwa. Watoto wa watu walioachana hawakupasuliwa. Wana baba mzima na mama mzima, wanaoishi nyumba mbili. Mzazi anayemwambia mwanawe, "Baba yako ametupasua," humtwika mtoto neno ambalo atalibeba mpaka utu uzima.

Katika mali ya ndoa, wengi huamini kwamba sheria husema nusu kwa nusu, basi. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa hakikusema hivyo moja kwa moja. Chaitaka mahakama iangalie mila za wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Kisha, baada ya kuyapima hayo, ielekee kwenye usawa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango. Aliyepika, aliyelea na aliyepalilia miche huku mumewe akiwa safarini, hakukaa bure. Akidai, anadai hesabu ya kazi yake.

Basi tuna ombi kwa wazee wa vikao, kuanzia Nyololo mpaka mwambao. Anapokuja mtu kudai fungu, mwulizeni kwanza: mafungu ni mangapi, orodha iko wapi, na nani anashika nini hivi sasa? Andikeni majibu, na kila mrithi, mwanamume kwa mwanamke, aweke saini au dole gumba na apewe nakala yake. Neno kupasua liwekeni kando mpaka hesabu ikamilike. Mtakapomaliza, mtazameni aliyekataa kuhesabu, kisha mwamue wenyewe neno hilo ni la nani.

Na kwa dada yetu aliyenyamazishwa kwa neno hili, twasema: rudi kwenye kikao, na ulitumie neno lako lile lile la kwanza. Sema, "Tugawane." Halina matusi ndani yake, wala halimtoi mtu katika undugu. Lina kiishio cha wote.

Wabillahi tawfiq.